Mechi Aliyoiona Baba

Baba yangu alikuja Tunduma kuangalia mechi moja. Alitoka kijijini kwetu Itaka Ijumaa asubuhi, akashuka stendi na fimbo yake, begi la nguo na mfuko wa ndizi, na kabla hatujamaliza kusalimiana akanitajia shida yake.

"Mama," aliniambia, maana nimerithi jina la mama yake na tangu nizaliwe haniiti vingine, "Jumapili tunacheza na Zambia kule Ivory Coast. Nataka niione Tanzania ikicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa macho yangu mwenyewe. Kusimuliwa nimechoka."

Macho yenyewe yalikuwa yanaondoka. Alikuwa na presha ya macho, na daktari alishamwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kuchelewesha kile kilichobaki. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga. La kulia lilimbakishia uwazi mdogo katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Akikaa karibu na televisheni kubwa, aliweza kuwafuata wachezaji na mpira wao. Kwenye kitu kidogo aliona rangi tu. Kwa hiyo aliposema anataka kuona, sote wawili tulijua kwamba hakuna mashindano mengine atakayoyaona baada ya haya.

Mimi nilikuwa nimechoka. Nautaja mapema kwa sababu huu uchovu ndio uliofanya kazi yote baadaye. Nina mgahawa karibu na foleni ya malori, pale madereva wanaposubiri karatasi zao zipite forodhani, siku mbili, siku nne, wengine wiki. Dereva anayesubiri anakula muda wowote, na mchuzi ukichelewa anakutukana kwa lugha tatu. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati, mwaka wa tisa huo. Uchovu wa namna hiyo haumalizwi na usingizi. Unageuka tabia, unaanza kujibu watu kwa mkato, na wewe mwenyewe huoni kama umebadilika.

Nilimtengea baba kitanda changu, mimi nikatandika godoro chini. Siku zote tatu alikaa kwenye benchi la mgahawa akiwafundisha madereva historia ya mashindano, hata wasioiomba. Aliijua kama wengine wanavyojua zaburi. Yalianzia Khartoum, aliwaambia, timu tatu tu, Misri, Sudan na Ethiopia. Afrika Kusini ilitakiwa iwepo lakini ikagoma kuleta timu yenye watu wa rangi zote, ikatolewa. Misri wakachukua kombe la kwanza. Dereva mmoja akamwuliza sisi tulikuwa wapi. Baba akamjibu, "Sisi tulikuwa bado tunatawaliwa na Mwingereza, bwana mdogo. Kula chapati yako."

Mwaka themanini alikuwa kijana. Tanzania ikaenda Lagos kwa mara ya kwanza, na yeye na wenzake wakaacha palizi ya kahawa wakaenda kujazana kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima, ambako karani alikuwa na redio. Tulifungwa na Nigeria, tukafungwa na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast, tukarudi nyumbani. Watu wakasema haidhuru, ndiyo kwanza tumeanza, mara nyingine tutafanya vizuri. Mara nyingine hiyo ilichukua miaka thelathini na tisa kufika. Baba alioa, akatuzaa sisi watano, akamzika mama yetu, akang'oa mibuni ya zamani akapanda mipya, na bado tulikuwa hatujafuzu. Kila baada ya miaka miwili alikuwa anayasikiliza mashindano yote hadi fainali, Kameruni wakichukua, Misri wakichukua tena na tena, na sisi tulikuwa tunazijua habari zao kama za ndugu tajiri ambaye yeye hatujui kabisa.

Jambo lililomuuma zaidi ni Zambia. Kwa mtu wa Dodoma au Tanga, Zambia ni nchi nyingine. Kwetu huku Zambia ni ng'ambo ya barabara, ni shangazi zetu na wakwe zetu. Ndege yao ilipoanguka baharini Gabon na timu nzima ikateketea, baba alisafiri hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kuwapa pole wakwe kama vile kila nyumba ina maiti yake. Mwaka uliofuata, na timu iliyookotwa upya, wakafika fainali. Na miaka kumi na nane baadaye wakaenda kulichukua kombe huko huko Gabon, kwa penalti, na Tunduma nzima ikakesha ikipiga vuvuzela kwa furaha ya jirani. Baba alishangilia siku ile. Kisha akaniambia, "Harusi nzuri, lakini si ya kwetu."

Tulipofuzu tena, kule Misri, mashindano yakaja katikati ya msimu wa kuchuma kahawa. Kahawa haina subira. Alibaki shambani, jioni akasimuliwa na vijana wenye simu: tumefungwa, tumefungwa, tumefungwa. Mara tatu. Ndiyo maana safari hii aliamua kuja mjini mapema, siku mbili kabla, asije akazuiwa na mvua wala gari bovu. Alifanya kila lililompasa mtu kufanya. Lililobaki lilikuwa mikononi mwangu.

Hapa inabidi nieleze saa zetu. Tanzania iko mbele ya Zambia kwa saa moja, na mpaka wetu ni barabara ambayo mbuzi anaivuka akiwa anatafuna. Kwa hiyo Tunduma mtu hakwambii saa bila kutaja mwenye saa. Ukimwambia mtu tukutane saa nane, atakuuliza, "Nane ya wapi?" Basi linaondoka kwa saa ya kwetu, benki ya ng'ambo inafungwa kwa saa ya kwao, harusi ya mchanganyiko inaanza kwa saa ya yeyote atakayewahi. Simu nazo zina ugonjwa wao. Ukikaa karibu na mpaka zinakamata mnara wa Zambia, na saa inarudi nyuma bila kukuomba ruhusa. Sisi wenyeji tunazima huo mtambo wa kujirekebisha siku ile ile tunaponunua simu. Wageni wanaokosa basi kwa sababu hiyo tunawacheka, na mimi nimewacheka wengi.

Wiki ile simu yangu ilikuwa imetoka kwa fundi. Alibadilisha kioo na kuisafisha yote, ikarudi kama mpya, na mtambo umewashwa. Sikuangalia.

Jumapili tulienda kanisani, tukarudi, nikafungua mgahawa kwa sababu njaa ya madereva haina sabato. Mchana mvua ikashuka, ikatulia, jioni ikarudi kwa kishindo. Nilifunga, nikaingia ndani kukunja nguo. Mechi ilikuwa saa mbili usiku, saa ya kwetu. Baba alishavaa koti lake la kanisani na kuketi kitandani, fimbo katikati ya magoti. Bati lilikuwa linapigwa na mvua kiasi kwamba usingesikia mtu akikuita mlangoni.

"Mama, saa ngapi?" akauliza.

Nikachungulia simu. "Saa moja."

"Ya wapi?"

Siku tatu tu mjini na alishajifunza kuuliza. Mimi, mwenyeji wa miaka yote hiyo, nikamjibu huku nakunja shuka, "Ya kwetu, baba. Ya wapi tena?"

Akageuzia uso dirishani. Kisha akasema, "Mbona giza limekuwa zito hivi?"

Mwezi wa kwanza, saa moja jioni huku kwetu bado kuna mwanga. Mtoto wa darasa la pili anajua hilo. Ningefungua dirisha tu, ningeona. Lakini nilikuwa nimesimama tangu saa kumi alfajiri, miguu inawaka moto, na nilichotaka ni nusu saa ya kujinyoosha kabla ya kwenda kusukumana na watu. Nikamwambia, "Ni macho yako, baba."

Alishusha kichwa, akashika fimbo vizuri, akasubiri. Nimejaribu mara nyingi kujidanganya kwamba nilisema kwa upole. Sikusema kwa upole. Nililala chali kwenye godoro, nikafumba macho, na baba akakaa gizani akiamini kwamba lile giza ni lake.

Mvua ilipokatika, simu ilisema saa moja na nusu. Nikamshika mkono tukatoka. Banda la mpira haliko mbali, ila njia ilikuwa tope, na mtu asiyeona pembeni huwezi kumkimbiza. Mtaani kulikuwa kimya kuliko kawaida. Nikafikiri watu wameogopa mvua.

Tulipoingia, banda limejaa hadi mlangoni, na watu wamesimama kununua soda na karanga. Muziki unapigwa. Mwenye banda, jamaa mnene anayekula kwangu kila Jumamosi, akanipokea kwa kicheko.

"Dada, chelewa chelewa utakuta mwana si wako! Mapumziko haya. Tunaongoza moja bila, na wao wako pungufu, mmoja kala nyekundu."

Nilitoa simu, nikaitazama, nikaitazama saa ya ukutani ya banda. Zilipishana saa nzima. Baba alikuwa amesikia. Midomo yake ilitikisika kama anahesabu, na nadhani kweli alikuwa anahesabu: tangu mwaka themanini, Tanzania imefunga, inaongoza, na yeye alikuwa amekaa kitandani na koti lake.

"Ilikuwa saa ya Zambia," nikamwambia.

"Eh," akasema. "Nilidhani."

Hilo tu. Angenigombeza ningepumua. Mwanamke mmoja wa Nakonde, muuza dagaa, aliyefunga kanga kiunoni na fulana ya kijani ya nchi yake, akasogeza wenzake kwenye benchi la mbele kabisa. "Ikaleni, tata," akamwambia baba, yaani keti, mzee, na kumvuta taratibu hadi akaketi. Baba akashukuru kwa Kibemba chake cha wakwe. Walipoonyesha marudio ya bao letu, watu walikuwa bado wamesimama mbele ya kioo na soda mikononi, na alipofanikiwa kupenyeza jicho lake katikati ya migongo, tulikuwa tumeshaingia kwenye tangazo la sabuni.

Lakini kipindi cha pili alikiona. Siwezi kumnyima hilo. Alikaa karibu na kioo kiasi cha kukigusa kwa fimbo, kichwa amekiinamisha upande wa kulia ili mpira uingie kwenye ule uwazi wake, na ulipompotea alikisogeza kichwa hadi akaupata tena. Yule muuza dagaa alimtajia nani ana mpira. "Wenu, tata. Wetu sasa. Wenu tena." Baba akasema polepole, kama anazungumza na mtu aliyeko kando, "Wanakimbia. Mama, ona wanavyokimbia." Nilikuwa nimeegemea nguzo nyuma yake. Nilimwona akitabasamu, na hata wakati ule nilikuwa nawaza unga.

Dakika zilivyozidi kwenda, banda likazidi kubana. Waliokuwa nje waliingia, wa Zambia upande mmoja, wetu upande mwingine, utani ukageuka kelele, kelele zikaanza kuwa matusi. Mlango wa lile banda ni mmoja, wa kupita mtu na nusu. Nilifikiria filimbi ya mwisho, watu mia wanatoka kwa mpigo, na mzee asiyeona pembeni katikati yao. Hiyo ni sababu nzuri, na nimeitumia kwa kila aliyeniuliza. Sababu nyingine ni kwamba nilitaka kulala.

Nikainama sikioni kwake. "Baba, twende."

"Bado dakika."

"Zimebaki chache. Wako pungufu, wamechoka, hawana la kufanya. Tumeshinda hii. Twende kabla watu hawajatoka."

"Mama, nimalizie."

"Nitaamka saa kumi, baba."

Mtu anayeongozwa kwa mkono, mkono ukivutwa anasimama. Alisimama. Yule mwanamke wa Nakonde alinitazama kwa mshangao. Tukapenya, tukatoka, tukaanza kurudi kwenye lile tope.

Mji wetu hauhitaji televisheni kujua matokeo. Unasikiliza tu kelele zimetoka upande gani. Hatujafika hata kona ya kwanza, zikalipuka, kutoka ng'ambo, kutoka Nakonde yote, filimbi, sufuria, honi za malori yaliyopaki upande wao. Upande wetu kukawa kimya kabisa. Baba alisimama. Aligeuza kichwa kuelekea Zambia, sikio mbele, akabaki hivyo mpaka zikaanza kupungua.

"Ni nini kile?" akauliza.

"Walevi hao," nikasema. "Jumapili leo."

Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani sikuwa na nguvu ya kumgeuza na kumrudisha. Tulitembea hadi nyumbani, nikamvua viatu, nikavifuta tope, akalala akiwa ameelekea ukutani.

Asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi lake kama kawaida. Nilikuwa nageuza chapati, nikisubiri nani atasema. Akaja dereva mmoja wa Iringa, akaagiza supu, akalalamika hata kabla ya kuketi. "Moja moja! Dakika ya themanini na nane! Watu kumi wanaturudishia!"

Baba hakushtuka hata kidogo. Akamsogezea chumvi. "Lilifungwaje?" akauliza.

Yule dereva akalipanga bao zima mezani kwa kikombe, kijiko na kipande cha limao: kona hii hapa, mpira umekuja hivi, jamaa akaruka, kichwa, wavu. Akarudia mara mbili. Na baba yangu, aliyesafiri ili asisimuliwe, akamsikiliza kwa adabu, uso ameuelekeza kwenye sauti, akiitikia "ehee" kila baada ya sentensi. Kisha akamwomba amsimulie na la kwetu. Nilitoka nje nikajifanya naangalia moto. Nililia huko, nina hasira na kila mtu, kwanza na mimi mwenyewe.

Aliporudi Itaka nilimtumia video ya mabao yote mawili kwenye simu ya mdogo wangu. Mdogo wangu aliniambia mzee aliishika simu, akaisogeza usoni, akairudisha, akasema ni rangi nzuri.

Krismasi iliyopita nilifunga mgahawa nikaenda nyumbani. Mashindano yalikuwa Moroko na sisi tulikuwamo, na mwisho tukavuka makundi kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, bila kushinda hata mechi moja, kwa sare mbili. Hivyo ndivyo tulivyo. Jicho la kulia la baba nalo lilikuwa limeshafunga. Alasiri moja majirani walijaa uani wakibishana kuhusu kikosi, na kijana mmoja akamgeukia.

"Babu, wewe uliwahi kuiona Tanzania ikicheza mashindano haya, au ni kusikia tu?"

"Niliiona mara moja," baba akasema. "Na Zambia. Ilikuwa bila kwa bila."

Wakacheka. "Hapana babu, ile ilikuwa moja moja! Wao walisawazisha mwishoni!"

"Hiyo mliiona ninyi," akasema, taratibu, bila hasira hata ya kuonja. "Mimi niliyoiona haikuwa na bao."

Alijua kwamba nimekaa pale. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia kikombe cha chai.